Barua kwa Mjomba: kazi yangu ya povu na epoksi

Oceanside, California

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia kuwa uliposikia nimeajiriwa kutengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi, swali lako la kwanza lilikuwa: mti gani? Swali la seremala kabisa. Jibu ni kwamba karibu hakuna mti. Ndani ni povu gumu, nje ni kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) kilicholoweshwa epoksi, aina ya resini, yaani gundi ya majimaji inayoganda ikichanganywa na dawa, na mti ukiwepo ni utepe mwembamba tu, umepita katikati kutoka mbele hadi nyuma ili ubao usivunjike kirahisi.

Zamani haikuwa hivyo. Wahawaii, wenye mchezo wao, walichonga miti kama koa na wiliwili, na hapa California balsa ilitamba hadi miaka ya 1950. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaingia faiba na resini. Mtu mmoja, Bob Simmons, akajaribu povu la polistirini, aina ya plastiki, mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni jepesi mno, sehemu kubwa yake ni hewa. Tatizo ni kwamba resini iliyozoeleka ilikuwa ya poliesta, ambayo ndani yake mna stirini, kemikali ya majimaji, na polistirini imeundwa kwa stirini hiyohiyo. Ukiipaka tu, povu linayeyuka kama sukari kwenye chai ya moto. Simmons akalazimika kulifunika kwa plaiwudi kwanza. Alifia baharini mwaka 1954, akiwa kwenye mawimbi.

Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark wakapata povu la poliurethani, plastiki nyingine, ambalo poliesta hailidhuru. Clark akafungua kiwanda chake mwaka 1961 na kuwauzia wachongaji povu zuri, kwa bei ambayo washindani hawakuiweza. Kwa zaidi ya miaka 40 nani angehangaika na kingine? Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita epoksi teknolojia mpya. Kemia yake ni ya miaka ya 1930, na Greg Loehr wa Florida alikuwa akitengeneza mbao za epoksi tangu miaka ya 1980. Epoksi hailiyeyushi polistirini, hilo lilijulikana. Kilichokosekana ni shida ya kuwasukuma watu waitumie, basi.

Shida ilikuja tarehe 5 Desemba 2005. Clark aliwatumia wateja wake barua kwa faksi: nimefunga, leo hii. Inakadiriwa alikuwa akitoa takriban asilimia 90 ya povu la Marekani. Alitaja masharti ya serikali kuhusu kemikali zake, hasa TDI, ambayo ni sumu kali kwa mapafu. Karakana zikabaki mikono mitupu, zikageukia polistirini, na waliokuwa wakiibeza epoksi wakaanza kuulizia namna ya kuichanganya.

Na kuichanganya ndiko kwenyewe, mjomba. Poliesta ina uvumilivu: ukiizidishia dawa ya kugandisha, inakauka haraka, ukiipunguzia, inachelewa. Epoksi haina mchezo huo. Hii tunayotumia ni sehemu mbili za resini kwa moja ya dawa, na kila chembe ya resini inahitaji mwenzake ndani ya dawa ili washikane. Ukizidisha dawa ili umalize mapema, ubao unabaki laini, na hakuna la kufanya ila kukwangua. Tena ukiiacha nyingi kwenye kikopo inachemka yenyewe hadi kutoa moshi, kwa hiyo unaimwaga upesi na kuisambaza kwa raba.

Halafu kuna hewa. Povu hili la polistirini ni punje ndogo zilizovimbishwa kwa mvuke, na kati ya punje mna nafasi. Joto likipanda wakati resini haijaganda, hewa inatanuka na kutoboa viputo kwenye faiba. Sisi hupasha povu joto kwanza, kisha tunapaka chumba kikianza kupoa, ili resini ivutwe ndani badala ya kusukumwa nje. Kwa sababu hiyohiyo ubao ukiachwa ndani ya gari juani, ngozi yake inaweza kubanduka.

Je, mbao hii ya polistirini na epoksi ni bora kuliko ya poliurethani? Ni nyepesi na haibonyei haraka. Ila wengi wanaoteleza vizuri wanalalamika kwamba inaelea kupita kiasi na kutetemeka bahari ikichafuka, na mimi nawaelewa.

Mwambie Mama asihofu. Epoksi haina ile harufu kali ya poliesta, lakini dawa yake ikigusa ngozi mara kwa mara inaleta mzio usiotoka tena, kwa hiyo glavu hazivuliwi. Wakati wa kupiga msasa tunavaa barakoa ya vichujio.

Povu sasa linachongwa kwanza na mashine ya kompyuta, mkono unamalizia. Ila mzee wetu hapa bado ana randa ya umeme, Skil 100, iliyoacha kutengenezwa zamani. Kina cha kukata unakibadilisha kwa kidole huku randa inatembea. Wachongaji wanaisaka kwa udi na uvumba. Nitakutumia picha, bei yake usiniulize.

Nisalimie wote.

Mpwa wako