Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya umoja wetu, nawasilisha taarifa ya mwaka 2025. Misiba, harusi na ziara ya Kondoa mnazifahamu, na hesabu za Mhazini mmeshagawiwa, hivyo sitazirudia.

Jambo linalonilazimu kueleza kwa kirefu ni mchango wetu wa shilingi 1,850,000 kwa raia wa El Fasher, Sudan, ambao Kamati iliuelekeza mji jirani wa Tawila mwezi Juni, nami nikasemwa hadi kwenye vijiwe vya Soko la Majengo kwamba nimepindua azimio la mkutano mkuu la kuupeleka El Fasher. Sikupindua kitu. El Fasher ulizingirwa tangu Mei 2024 na wapiganaji wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitaka mzingiro huo ukomeshwe kwa azimio namba 2736 la Juni mwaka huo, lisisikilizwe. Kambi jirani ya wakimbizi ya Zamzam, ambako baa la njaa lilithibitishwa Agosti 2024, ilitekwa Aprili 2025. Mwanzoni mwa Juni msafara wa Umoja wa Mataifa uliokuwa ukielekea El Fasher ulishambuliwa Al Koma, watu watano wakauawa. Nawauliza wanaonilaumu: mchango wetu ungepita kwa gari gani?

Wapo wanaosema fedha zingetumwa kwa simu kwenye majiko ya kujitolea yaliyokuwa yakilisha watu ndani ya mji. Hoja hiyo niliipima kabla yao. Fedha zingefika, lakini nafaka ya kununua sokoni ilikuwa imeadimika, watu wamefikia kula mashudu ya karanga, chakula cha mifugo kama haya ya alizeti tunayowalisha ng'ombe wetu hapa, huku tuta la udongo likijengwa kuuzunguka mji ili asitoke mtu wala lisiingie gunia. Tawila, yapata kilomita 60 upande wa magharibi, ndiko waliotoroka walikokimbilia, wengi kwa miguu, na huko misaada ilikuwa ikifika. El Fasher yenyewe ilitekwa tarehe 26 Oktoba 2025.

Na aliyesema kwamba njaa ya vita vya wengine haituhusu sisi watu wa Dodoma, akawaulize wazee habari za Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kukomba ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo.

Mahudhurio yanasikitisha. Kati ya wanachama 74, kikao cha Juni kilichojadili suala hili kilihudhuriwa na 19, na wanaolalamika sana leo sikuwaona. Ada hazijalipwa na wanachama 41. Sehemu kubwa ya mchango ule ilitoka mifukoni mwa wachache, nikiwemo mimi, jambo ambalo nisingependa kulitaja.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuwakumbuka tena wakimbizi wa Tawila, na ada zikiruhusu, kununua turubai.

Naomba kuwasilisha.