Kuwaambia wafanyakazi "kuweni makini" si ulinzi wa mtandao

Mhariri,

Shirika likiibiwa kwa njia ya mtandao, ushauri unaofuata huwa ni uleule: wafanyakazi wapewe semina, wawe makini, wasibofye viungo wasivyovijua. Semina si mbaya. Lakini shirika linalofanya macho ya karani kuwa ngome yake ya mwisho litaibiwa tena, kwa sababu kazi kubwa ya mhalifu wa leo ni kuyaridhisha macho hayo.

Chukua kisa cha Arup, kampuni ya uhandisi ya Uingereza. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa idara ya fedha katika ofisi yake ya Hong Kong alipata ujumbe wa kumtaka afanye malipo ya siri, akautilia shaka. Akaitwa kwenye mkutano wa video, akamwona na kumsikia mkuu wa fedha pamoja na wenzake wa kazini, shaka ikamtoka. Sura na sauti hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa akili unde. Zikaondoka takriban dola milioni 200 za Hong Kong, kwa miamala 15. Mtu huyo alikuwa makini, na umakini haukumwokoa. Kinachohitajika ni utaratibu unaozuia fedha kutoka hata baada ya mtu kudanganyika.

Utaratibu huo hauhitaji mtambo wa gharama. Mzabuni akiandika kwamba amebadili akaunti ya benki, mhasibu apige simu kwa namba iliyomo kwenye mkataba, kamwe si ile iliyoandikwa ndani ya barua pepe hiyo. Akaunti mpya isilipwe chochote kabla ya saa 24 kupita. Malipo yaandaliwe na mtu mmoja na kuidhinishwa na mwingine, kila mmoja kwa akaunti yake ya kuingilia kwenye mfumo na kwa kifaa chake. Kisha bodi iandike wazi kwamba hata mkurugenzi mkuu hana mamlaka ya kuruka hatua hizo. Bila sentensi hiyo karani hatathubutu kumwambia bosi asubiri, na mhalifu analijua hilo vizuri. Ndiyo maana maagizo yake siku zote ni ya dharura na ya siri.

Mlango wa pili ni hizo akaunti za kuingilia kwenye mifumo. Kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake Mei 2021 baada ya wadukuzi kuingia kwa nywila moja tu, kupitia akaunti ya kuunganika kutoka mbali ambayo haikuwa ikitumika tena wala haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na thibitisho la pili kama tarakimu zinazotumwa kwa simu. Kwa hiyo akaunti ya anayeacha kazi ifungwe siku hiyohiyo, na uthibitisho wa hatua mbili uwekwe kwa kila anayeingia kutoka nje, wakiwemo wakubwa wanaolalamika kuwa unawachelewesha. Ila tusidanganyane: tarakimu sita zinazotumwa kwa simu hazitoshi tena. Ukurasa bandia huzipokea kutoka kwa mfanyakazi na kuziingiza papo hapo kwenye ukurasa halisi, kisha mwizi akabaki ndani. Wanaoshika fedha na wanaosimamia mifumo wapewe funguo za usalama za FIDO, vifaa vidogo vinavyounganishwa na kompyuta au simu ili kuthibitisha anayeingia. Ufunguo wa aina hiyo hujibu anwani halisi ya tovuti peke yake. Mbele ya tovuti bandia haufanyi kazi, hata mtumiaji awe ameamini kabisa.

Sanduku la barua pepe likishaingiliwa, kubadili nywila hakumtoi mwizi. Kata miunganisho yote iliyo wazi, ondoa simu ngeni zilizosajiliwa kwa ajili ya uthibitisho, kisha kagua kanuni za sanduku. Wezi hupenda kuweka kanuni ya kuficha kila barua yenye neno kama "ankara" au "malipo", ili mwenye sanduku asione majibu ya mzabuni. Zuia pia barua kupelekwa zenyewe nje ya shirika.

Sasa nakala za akiba, ambako uzembe ni mkubwa kuliko kwingine kote. Kirusi cha NotPetya kilipoipiga Maersk, kampuni ya meli za mizigo ya Denmark, Juni 2017, seva karibu 150 zilizoshika orodha ya watumiaji wa kampuni nzima zilifutika. Zilikuwa zikinakiliana, kwa hiyo kila moja ilionekana kuwa akiba ya nyingine, na zote zikaangamia pamoja. Iliyopona ilikuwa moja, nchini Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na mashine ikawa nje ya mtandao. Kampuni kubwa kiasi hicho haikupaswa kuokolewa na bahati.

Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na ofisi. Na angalau moja isiweze kufutwa na yeyote, hata msimamizi mkuu wa mifumo. Akaunti inayosimamia nakala isiwe ileile inayofungua kompyuta za ofisini, maana wadukuzi huzitafuta nakala kwanza, ndipo wafunge mafaili na kudai fedha. Kila miezi mitatu rejesha seva nzima, saa ikiwa mkononi. Hesabu ni rahisi: terabaiti 10 kwenye mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde ni takriban saa 22, na hiyo ni kwa kasi kamili ambayo kwa kawaida huipati. Zoezi hilo ndilo litakalofichua kwamba nywila ya kufungulia nakala imehifadhiwa ndani ya seva ileile iliyofungwa. Wanaodhani kuwalipa wadukuzi ni njia ya mkato wakumbuke kwamba Colonial ililipa dola milioni 4.4 hivi, ikapewa programu ya kufungulia iliyokuwa ya polepole mno, ikalazimika kuendelea kutumia nakala zake yenyewe.

Siku ya tukio, chomoa kompyuta iliyoathirika kwenye mtandao lakini usiizime ikiwezekana, kwa sababu kumbukumbu ya muda ina ushahidi unaopotea umeme ukikatwa. Kama fedha zimekwenda, benki ipigiwe ndani ya saa chache. Kesho yake huwa zimeshahamishwa mara kadhaa. Barua zilizotumika zisifutwe.

Namba za simu za benki, mawakili, polisi na wataalamu wa mifumo ziwe zimechapwa kwenye karatasi, kwa sababu barua pepe na orodha ya mawasiliano huenda vikawa vimefungwa pamoja na mengine. Karatasi hiyohiyo itaje kwa jina nani ana mamlaka ya kuzima mifumo yote saa nane usiku mwisho wa wiki bila kusubiri kikao, na nani atashika nafasi yake asipopatikana.