Kikao cha Jumamosi: farasi, mashamba na maji
Habari zenu wanakikundi, Jumamosi saa mbili usiku tunaingia kwenye sheria za Marekani zinazowagusa wenye farasi na mashamba. Tunaanza na kesi ya Sackett ya 2023 maana hapo ndo kuna moto, Mahakama ya Juu ilisema ardhi oevu inalindwa na Sheria ya Maji Safi ya 1972 pale tu maji yake yanapoungana juu kwa juu na mto au ziwa la kudumu, yaani kinamasi kilichojitenga katikati ya shamba serikali kuu haina chake tena, ila jimbo bado linaweza kukubana kwa sheria zake kwa hiyo msikimbilie kufukia jamani. Ile sheria ya 1970 ya kukataza kuonyesha au kuuza farasi walioumizwa miguu kwa kemikali ili warushe hatua za madaha (ukatili mtupu) tutaigusa kidogo. Halafu majimbo mengi yanamkinga mwenye farasi asidaiwe fidia pale mgeni anapoanguka, na baadhi yanadai kibao cha onyo kionekane, lakini ukimpa mtu tandiko lenye mkanda uliochakaa ukakatika, kibao hakikuokoi. Mwenye mkataba wa banda (wa kutunziwa farasi kwenye banda la mtu) atume humu tuusome, futeni majina kwanza. Na voisi za dakika tisa plizi hapana.