Mwanangu, breki hazifungwi mwisho

Kigoma, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima. Video yako nimeitazama mara nne, mara ya nne nikiwa na miwani. Kigari chenu cha mashine ya pampu ni kizuri. Fremu imechomelewa vizuri kuliko ninavyochomelea mimi, na hilo nimemwambia kila aliyepita karakana wiki hii, hata wasioniuliza. Lakini mwisho wa ujumbe umeandika maneno matatu: "breki tutafunga mwisho". Usingizi wangu umeishia hapo.

Kwa nini mwisho? Miezi miwili huandiki, ukiandika unanitumia kigari kinachotembea bila breki, na vijana wanapiga makofi. Unasema kinasimama chenyewe ukiachia akseleta. Kinasimama kwa sababu uwanja wenu ni tambarare na una mchanga. Mkikipeleka kwenye lami mbele ya walimu, mchanga haupo.

Umesema mmefunga sproketi ya meno 12 mbele na 72 nyuma. Mashine yenu ya pampu ya hp 5.5, govana (kile kifaa kinachoizuia isizidishe mizunguko) ikiwa mahali pake, inaishia mizunguko 3,600 kwa dakika. Gawa kwa sita, ekseli inabaki na 600. Matairi nimeyakadiria kwa macho, kipenyo sentimita 28, kwa hiyo kila mzunguko ni kama sentimita 88 za barabara. Piga hesabu utakuta kama kilomita 32 kwa saa. Kwa mtu aliyekaa kiganja kimoja juu ya lami, hiyo 32 inakausha mate. Sasa mwenzenu anataka sproketi ya nyuma iwe ya meno 48. Mtafika karibu kilomita 48 kwa saa. Atakwambia ni nusu tu imeongezeka. Mwambie spidi ikiongezeka nusu, umbali wa kusimama unazidi mara mbili, breki zikiwa zilezile. Na nyie hata hizo zilezile hamna.

Na huyo huyo ndiye anayetaka kung'oa govana, sivyo? Nimemsikia kwenye video. Flaiwili, lile gurudumu zito la mashine ya pampu, ni ya chuma cha kumimina, haikutengenezewa mizunguko ya pikipiki. Ikipasuka inaruka vipande. Konrodi, mkono wa pistoni, nayo ikikatika inatoboa bloku. Najua utasema hata mimi niliwahi kuifunga springi ya govana kwa waya ili uone. Niliifunga dakika moja, na nilikuwa nimesimama pembeni na swichi mkononi. Basi, haikuwa dakika moja.

Ya siku ile kwenye mteremko, na kigari tulichotengeneza mimi na wewe, unayajua, siyarudii. Kuna jambo moja tu la kifundi. Diski yetu ya breki ilishikwa kwenye ekseli na kabari, kile kipande cha chuma kinachofanya vizunguke pamoja, au ndivyo nilivyokwambia. Dukani hawakuwa na saizi ile, na mteja alikuwa ananisubiri na pampu yake, nikakata msumari wa inchi sita. Msumari ni chuma laini. Ukikanyaga breki kwa nguvu unakatika, diski inabaki imebanwa na ekseli inaendelea na safari zake. Kwa hiyo uliposema ulikanyaga, ulikanyaga. Mama yako mpaka leo anaamini uliingiwa na woga ukasahau mguu, nami sikumsahihisha. Nitamwambia. Wiki hii ana maneno na mimi, nangoja yapoe.

Nyie nunueni kabari ya kweli. Chukueni diski ya pikipiki na kalipa yake ya kuibana, moja inatosha, maana ekseli yenu ni moja isiyo na difu, magurudumu ya nyuma yanazunguka pamoja: ukibana diski moja umebana magurudumu yote mawili. Msikubali fundi ajazie oili ya injini kwenye breki. Mipira ya ndani inavimba, na pedali inakuwa kama jiwe siku unayoihitaji. Ni mafuta ya breki, basi. Akseleta iwekeeni springi mbili za kurudisha, moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Swichi ya kuzima iwe kwenye usukani, mahali kidole gumba kinapofika.

Magurudumu ya mbele yanatazamana kidogo, yapimeni kwa uzi. Mengine unayajua kunizidi. Mimi nilikuwa napigania kupunguza upepo wa matairi ili kikate kona, wewe ukasema ni pini za usukani, zile magurudumu ya mbele yanazogeukia, zilale nyuma zaidi ili gurudumu la nyuma la upande wa kona linyanyuke kidogo, maana ekseli ngumu haikubali kugeuka magurudumu yote mawili yakiwa chini. Nilikubishia siku tatu. Hadithi hiyo naisimulia mwaloni Kibirizi kama vile nilikubali siku ileile.

Watu hapa bado wanalalamika juu ya mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15 samaki wazaliane. Na mimi hela sikuziona, boti zikilala na mashine zake hazinihitaji. Lakini zisingelala, nisingepata jioni zile za kushika tochi na wewe chini ya mwembe. Mbele ya wavuvi hilo silisemi.

Maneno ya mama yako ni ya mizani. Anasema mizani yake ya dagaa haijakaa sawa tangu tulipopandisha magurudumu ya kigari juu yake kutafuta uzito wa kila kona. Juzi mteja amemwambia kilo yake imepungua, wakavutana nusu saa. Nimeahidi kumnunulia nyingine mtu fulani akinilipa hela ya propela. Mawese tumekutumia lita tano kwa mtu anayekuja na treni, atakupigia. Usiwape wenzako yote. Bati la jikoni nimelipigilia, limebaki la upande wa mbuzi. Mvua zimeanza na mbuzi wanatuchungulia dirishani kama wapangaji.

Jumamosi kabla hujakipanda, nitumie picha. Sitaki ya kigari, nataka ya breki, na kabari ionekane. Usipotuma nitapiga simu kwa mwalimu wako, na unajua ninavyoongea kwa simu.

Mdogo wako anauliza kama anaweza kuvaa koti lako la mvua. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Amekwishalivaa.

Ni mimi,
Baba yako