Shangazi, penseli siiweki chini

Shikamoo Shangazi.

Najua barua hii utasomewa na wajukuu, maana miwani yako bado iko kwa fundi, na hao hawajui kusoma kwa sauti ndogo, kwa hiyo Barabara ya Kumi na Mbili nzima itasikia. Haidhuru. Uliyoniambia Ijumaa uliyasema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu, kwa heshima zako zote.

Ulisema mwenye kifua kikuu amalize dawa kwanza, michoro itamngoja. Ukaongeza kwamba mwanamume mwenye ndevu zake kujilaza akaangalia katuni ni dalili kuwa homa ilimpanda kichwani. Hilo la pili tulicheka wote. Lililonikaa moyoni ni la kwanza.

Wewe ndiye msimamizi wangu wa dawa. Kliniki walipouliza nani atakayekuwa ananiona nikimeza kila siku, ulijitaja kabla sijafungua mdomo. Tangu hapo unakuja alfajiri, unanitazama nikimeza, unanifungulisha mdomo kama mtoto, kisha unachukua kapu lako unakwenda sokoni. Unachokiacha nyuma ndicho ninachotaka kukueleza. Dawa humezwa tumbo tupu, na chai hainywewi mpaka ipite kama saa moja. Saa hiyo ni ndefu, Shangazi! Njaa ya mtu anayepata nafuu haina adabu, na jirani yetu huanza kukaanga maandazi wakati huo huo. Hapo ndipo penseli iliporudi mkononi.

Wala sikuichukua kwa kupenda kazi. Niliichukua kwa woga. Miezi miwili ya mwanzo dawa zilikuwa nne ndani ya kidonge kimoja. Rifampisini unaikumbuka, ndiyo iliyougeuza mkojo wangu rangi ya chungwa la Muheza, ukataka nikimbizwe hospitali usiku ule ule. Hiyo haikuwa na neno. Niliyoiogopa ni ethambutoli. Muuguzi alinieleza kwamba kwa watu wachache hugusa mshipa wa jicho, kuona kukafifia, au nyekundu na kijani zikaanza kufanana, na kwamba nikiona hivyo nirudi mara moja, nisingoje tarehe ya kadi. Mwambie hivyo mtu ambaye ugali wake unatoka kwenye rangi!

Basi kila nikishameza, nilikuwa nachukua penseli nyekundu na ya kijani, napaka vipande viwili kwenye karatasi, naziba jicho moja natazama, naziba la pili natazama. Rangi zilibaki zilivyo, alhamdulillah. Lakini vipande vitupu vinachosha kutazama. Nikaanza kuvipa umbo: pilipili, embe la kijani lenye shavu jekundu, pindo la khanga yako ile ya msiba. Mkono ulitetemeka, nikamaliza embe moja nikalala. Kesho yake nikaweka na jani. Chai ilipokuja nilikuwa nimeshaisahau njaa, na wewe hukujua, ulidhani nimelala muda wote.

Sasa nimo katika awamu ya pili, dawa mbili, miezi minne. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kikohozi kimekwisha, makohozi yamepimwa hayana kitu, suruali haitaki tena kamba, mtu anajiuliza vidonge vya nini. Kumbe kuna vijidudu vichache vinavyokufa polepole, ukiacha dawa vinazaana upya, na vingine huweza kurudi vikiwa sugu. Hayo umenihubiria mwenyewe mara nyingi. (Na ujue hubiri lako lina ukoo mkubwa. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza hapa kwetu mwaka 1977, Dkt. Karel Styblo akiwa mmoja wa walioujenga, na miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaeneza kwingine yale yaliyofanyiwa kazi Tanzania. Ukipita sokoni na kapu lako tembea kwa maringo.)

Ila nikwambie kweli. Mahubiri yananifanya nikubali, hayanifanyi niamke. Kinachoniamsha ni baiskeli.

Ninatengeneza picha inayotembea. Ni mzee mmoja anaendesha baiskeli kutoka Ngamiani kwenda Raskazone, tenga la samaki limefungwa kwenye keria, na kila akipiga pedeli kofia yake inaruka kidogo. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja, lakini wachoraji wengi huiacha kila picha ikae mara mbili, hivyo michoro 12 inatosha sekunde. Kwa mtu ambaye pumzi haijarudi yote, hiyo ni kazi ya kiwango chake. Nachora michache, nachoka, nalaza penseli, na yule mzee amesogea kidogo tu barabarani. Kesho nataka kujua mguu wake utashukia wapi, na njia ya kufika kwenye kesho hiyo inapita kwenye kidonge. Ukininyang'anya penseli mpaka nimalize dozi, Shangazi, utakuwa umeniachia vidonge vitupu, na mimi sijiamini na vidonge vitupu.

Magurudumu ndiyo yananisumbua. Spoku ukizichora zote, na hatua kati ya picha na picha ikakaribia nafasi iliyo kati ya spoku na spoku, jicho linadanganyika na gurudumu linaonekana kurudi kinyumenyume. Nimeamua kuchora spoku moja nyeusi na nyingine ziwe ukungu. Yeyote anayeijua Tanga na baiskeli zake atanikosoa, najua.

Tuje kwenye hizo katuni za watoto. Ile uliyonikuta naitazama, ukasema "dubwana gani hilo", inaitwa My Neighbor Totoro, ya Japani, mwaka 1988. Wasichana wawili wanahamia shamba na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama. Siku moja inakuja habari kwamba mama, aliyekuwa aje nyumbani, haji. Mdogo anachukua hindi aliloambiwa litampa mama afya, analikumbatia, anaondoka peke yake kwa miguu kuelekea hospitali. Filamu haitaji ugonjwa wa mama. Lakini aliyeitunga, Hayao Miyazaki, alikulia katika nyumba ambayo mama aliugua kwa miaka, na ugonjwa wake ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Sasa wewe uliyenifuata wodini na dafu mkononi kwenye mvua ya masika, wakati wa kuona wagonjwa umeshapita, ukagombana na mlinzi mpaka dafu likaingia, niambie hiyo ni ya watoto.

Kuna nyingine imekongoroka zaidi, ya Ujerumani, mwaka 1926. Lotte Reiniger alikata watu na farasi kwa mkasi kwenye karatasi nyeusi, akawatia viungo, akawalaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, akawasogeza kidogo kidogo huku kila msogeo ukipigwa picha. Ilimchukua kama miaka mitatu. Hadithi zake ni za Alfu Lela u Lela, zile zile alizokuwa akitusimulia marehemu babu, farasi arukaye na yote. Nilipoitazama nilinyamaza, kisha nikakaa kitako kitandani. Kikaragosi chenye viungo hukichori upya kila mara, unakisogeza tu! Kwa mgonjwa hiyo ni nusu ya kazi. Mzee wangu wa baiskeli nimeanza kumkata kwa karatasi, magoti nimeyafunga kwa uzi, na mguu unazunguka vizuri kuliko nilivyoweza kuuchora.

Kwa hiyo tufanye mapatano. Dawa nitameza mbele yako mpaka kidonge cha mwisho, mdomo nitaufungua bila kununa, na nikichoka nitalala bila kuambiwa. Saa ile kabla ya chai niachie. Na ukija Jumamosi leta ule mkasi wako wa cherehani, huu wangu unatafuna karatasi. Najua umeapa haukati kitu kingine isipokuwa kitambaa. Nitaunoa kwa gharama yangu.

Wasalimie wote, na huyo anayekusomea mwambie asiruke maneno.