Kwa nini tunakuita Wilson asubuhi na mapema

Kuna ujumbe ambao hutufikia katika shule yetu ya urubani, hapa kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi, karibu kila Ijumaa jioni: "Mwalimu, Jumapili tukitoka kanisani nitakuja na mke wangu na watoto wawili, utuzungushe mpaka Ngong." Jibu letu nalo ni lilelile. Njoo saa moja asubuhi, na uje na mmoja tu. Wengine hucheka. Wengine hudhani tunawakwepa. Mteja mmoja alituambia kwamba shule ya urubani isiyoruka mchana ni kama matatu isiyobeba abiria, na hatukumlaumu, kwa sababu hatukuwa tumewahi kukaa chini tukaeleza. Leo tumekaa.

Ndege ikishinda imeegeshwa mchana kutwa, mfuko unaotoboka ni wetu. Tunatoza kwa saa ya injini, na injini isiponguruma hakuna kinachoingia, wakati bima na ada ya maegesho zinaendelea kudai. Kwa hiyo tukikataa pesa zako saa nane mchana, jua tuna sababu.

Kiwanja cha Wilson kiko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyembamba tangu mwanzo. Mtu aliyeshuka basi la Mombasa akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne mjini Nairobi anaijua habari hiyo kifuani. Joto huifanya iwe nyembamba zaidi. Katika hesabu za urubani, hewa ya kawaida ina nyuzi 15 usawa wa bahari, kisha hupungua nyuzi 2 hivi kila ukipanda futi 1,000. Kwa kipimo hicho Wilson ingetakiwa kuwa na nyuzi 4 tu. Mchana wa Februari kipimajoto chetu husoma 27. Kila nyuzi ya ziada ni sawa na kuipandisha ndege futi 120 hivi. Zidisha kwa 23, jumlisha na 5,500, unapata kama futi 8,260. Kilele cha vilima vya Ngong kina futi 8,070 hivi. Maana yake ni kwamba magurudumu yangali juu ya lami hapa karibu na Lang'ata, lakini injini na mabawa vinafanya kazi katika hewa ya juu ya kilele cha Ngong.

Injini ya ndege yetu ndogo, Cessna 172, ina nguvufarasi 160 ikiwa Diani, kule pwani. Kwa kuwa haina turbo, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo mchana ule wa Februari umebakiwa na 120 hivi. Mabawa nayo, yakikosa hewa nzito ya kuyabeba, yanataka ndege ikimbie kwa kasi zaidi kabla ya kuinuka, na wa kuipa kasi hiyo ni injini ileile iliyodhoofika. Lami ya Wilson ni ndefu, kuinuka utainuka. Shida huja baada ya hapo. Ndege ambayo pwani hupanda futi 700 kwa dakika, hapa mchana ikiwa imejaa watu, ukipata nusu yake ushukuru. Rubani mgeni akiona haipandi huvuta pua juu, kasi inapungua, na mabawa yakipoteza kasi ya kutosha huacha kuibeba ndege. Kosa hilo likifanyika chini chini, hapana nafasi ya kulirekebisha.

Sasa tuje kwa mke na watoto wawili. Viti vinne havimaanishi watu wanne. Ndege yetu ni ya toleo la N, na uzito wake wa mwisho wa kuruka ni kilo 1,043. Ikiwa tupu ina kilo 670. Tangi zikijaa mafuta ni kilo 109 nyingine. Zinabaki 264, yaani watu wazima watatu wa kilo 80 na kibegi kimoja. Tunaweza kupunguza mafuta ili tuongeze mtu, na mara nyingine tunafanya hivyo, lakini zile 1,043 ni kikomo cha mtengenezaji popote utakapokuwa, hata pwani. Katika hewa ya saa nane ya Nairobi sisi hujiwekea kikomo cha chini zaidi: rubani na mtu mmoja, tangi nusu, au hatutoki.

Wanaobishana nasi sana, kusema kweli, si wageni wa anga. Ni vijana wetu waliosomea Florida, wakarudi na leseni nzuri kabisa wakitaka kukodi ndege. Kule viwanja viko karibu sawa na bahari, na wamezoea kusukuma kile kifundo chekundu cha kupimia mafuta yanayoingia kwenye injini mpaka mwisho kabla ya kuruka. Hapa ukifanya hivyo injini inalewa mafuta, inakohoa na kupoteza hata ile nguvu kidogo iliyobaki. Wilson unapunguza mafuta kwanza mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa, ndipo unaondoka. Wakati wa kutua nako kuna mtego. Saa ya kasi inasoma vilevile kama Florida, lakini katika hewa nyembamba ndege inakwenda kasi zaidi juu ya ardhi. Macho yanakuambia unakimbia mno, mkono unavuta nguvu, na kumbe kasi ilikuwa sawasawa. Ndiyo maana humpi mwalimu wetu leseni yako halafu ukaondoka na funguo. Mtaruka pamoja kwanza, na si kwa muda wa saa moja tu ikiwa hujawahi kuruka nyanda za juu.

Safari ya Ngong yenyewe ni tamu, hasa ukivuka ukaliona Bonde la Ufa likifunguka chini na Ziwa Magadi liking'aa kwa mbali. Kwenda ni rahisi. Kurudi ndiko kunakotuondolea usingizi. Upepo wa hapa mara nyingi hutoka mashariki, hupanda mgongo wa Ngong upande wa Nairobi, kisha humwagika kushuka upande wa bonde. Ukirudi kutoka Magadi unaingia moja kwa moja katika hewa hiyo inayoshuka. Ikiwa ndege yako ina uwezo wa kupanda futi 300 kwa dakika na hewa inashuka 500, unazama huku umeelekeza pua juu. Tunawafundisha wanafunzi wawe wamepata urefu mapema wakiwa bado mbali, angalau futi 1,000 juu ya kilele, na waukaribie mlima kwa mshazari ili waweze kugeuka kurudi bondeni bila kuhangaika. Asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, haya yote huwa mepesi zaidi.

Halafu kuna kongoti, wale korongo wakubwa ambao hatutaki kugongana nao angani. Wale wa miti ya karibu na uwanja wa Nyayo hawapendi kupiga mabawa bure. Hungoja ardhi ipate joto, wakachukuliwa na hewa inayopanda na kuanza kuzunguka angani taratibu. Saa moja asubuhi wengi bado wako kwenye miti. Sisi tunajitahidi tuwe tumeshatua kabla hawajapata nauli.

Julai hesabu inageuka. Mawingu mazito hushuka karibu kugusa vilima, na asubuhi hapana anayeona Ngong iko wapi. Hapo tunakusogeza mpaka saa tano au sita, kwa kuwa hata mchana baridi haiachi hewa iwe nyembamba kama ya Februari. Usishangae basi ukiitwa mchana Julai, kisha Februari ukaitwa kabla hujanywa chai.

Kwa anayetaka leseni ya rubani binafsi: uwe na miaka 17, upimwe na daktari aliyeidhinishwa na KCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ufanye mitihani ya nadharia, na uruke angalau saa 40. Anayekuja mara mbili kwa wiki huikaribia 40 hiyo. Anayekuja mara moja kwa mwezi hulipia kukumbushwa aliyoyasahau.

Ukipanga siku yako tuandikie uzito wa kila atakayepanda, uzito wa kweli, pamoja na wa begi na kamera. Mizani iko nyuma ya mlango wa ofisi, na namba hatuisomi kwa sauti.