Njomba, ile Landrova imewaka

Njomba, shikamoo.

Najua hutaisoma mwenyewe. Mjukuu wako atakusomea hapo barazani Newala, na kila atakapofika penye jina la spea atalitamka vibaya nawe utamkatisha. Mvumilie. Ningeweza kukupigia simu, lakini Idi ya mwaka juzi nilikucheka mbele ya watu, kwa hiyo na haya ni haki yako niyaseme mbele ya watu.

Unakumbuka. Tulikuwa tumezunguka sinia la pilau, nikasema gari lile halikuharibiwa na barabara, limeharibiwa na mwenyewe. Ukoo mzima ukacheka. Wewe ukaendelea kumenya chungwa lako. Kesho yake asubuhi ukanitupia ufunguo: "Kalichukue. Ila usije ukalifanya banda la kuku."

Lilishuka Mtwara juu ya lori, nikaliweka nyuma ya nyumba hapa Chikongola, chini ya mwembe. Mama watoto aliuliza litakaa siku ngapi. Nilisema miezi mitatu. Umepita mwaka na miezi saba.

Kufungua si kazi, Njomba. Kazi ni kukumbuka. Nilipiga picha kila kitu kwa simu kabla ya kukigusa, na bolti nikaziweka kwenye makopo ya maziwa, kila kopo na karatasi yake: milango, bodi ya nyuma, giaboksi ndogo. Hata hivyo wiki ya kwanza nilikata pembe za bolti sita. Nilikuwa natumia spana kumi na tatu, inaingia vizuri kabisa, ukikaza inateleza. Gari la Mwingereza linataka spana za inchi. Ile nati ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na hicho kidogo kinachobaki ndicho kinachokula pembe. Ulikuwa na seti nzima ya inchi kwenye gunia, nami nilikuwa nimeliacha Newala nikidhani ni takataka.

Bodi ilinishangaza. Nilitegemea kutu, nikakuta unga mweupe. Landrova zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kinagawiwa kwa kibali, ndiyo maana bodi wakaiunda kwa aluminiamu. Aluminiamu haili kutu kama chuma, lakini ikigusana na chuma halafu pakaingia maji ya chumvi, inaliwa yenyewe. Na wewe ulibeba samaki kutoka Mikindani miaka mingapi? Yale maji ya samaki yalikuwa yanachuruzika nyuma mpaka kwenye chesisi. Sakafu ya nyuma niliichoma kwa kidole ikatoboka. Chesisi nayo ilikuwa imeoza kuanzia ndani kwenda nje. Ukiipiga nyundo inatoa sauti ya debe lenye mchanga.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Kila nilipofungua nilikuta mkono wako. Bushi za springi ulizichonga kwa mpira wa tairi. Tangi, lile lililo chini ya kiti cha dereva, uliliziba kwa sabuni ya mche. Na pale chesisi ilipopasuka, karibu na springi ya nyuma, ulifunga bamba nene la chuma lenye matundu manne, bolti nne, basi. Fundi wa kuchomelea alipoliona alicheka kama nilivyocheka mimi. Akataka kulikata siku ileile.

Aliyemzuia ni utingo wako wa zamani. Mzee yule anakaa mitaa miwili kutoka kwangu na mimi sikujua. Alikuja kuazima jeki, akaliona gari, akainama akalishika lile bamba. Akasema hicho ni kiungio cha reli ya karanga. Ile reli Waingereza waliyoileta kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea, mpango ukafa mwaka 1951, na reli yenyewe ikafungwa 1962, vyuma vikabaki kwa wenye macho. Ulikuwa unatembea nacho chini ya kiti, eti "siku yake itafika".

Siku yenyewe ilifika ng'ambo ya Somanga, mwezi wa nne, mnaelekea Dar. Daraja la Rufiji halijajengwa bado, hilo limefunguliwa 2003, nyinyi mlikuwa mnawahi pantoni ya Ndundu. Chesisi ikapasuka kwenye tope, na ndani mmembeba mgonjwa. Matundu mliyatoboa kwa drili ya mkono, siku nzima mnapokezana. Mzee alinionyesha kiganja chake. Duka la spea la karibu lilikuwa Dar kwenyewe.

Alipoondoka nilikaa kwenye kreti la soda nikalitazama lile bamba muda mrefu. Njomba, nisamehe kwa maneno ya siku ya pilau.

Lakini si kwa yote. Bomba la breki la gurudumu la nyuma kushoto ulilikunja ukaligonga nyundo likaziba. Naelewa, silinda ilivuja na ulitaka kufika. Ila ulifika, na baada ya kufika ukaendesha na breki tatu kwa miaka, ukitupakia sisi nyuma kutupeleka mnadani. Hilo siliombei radhi. Nimeweka bomba jipya, pampu mpya na silinda zote nne. Na ile sabuni nimeitoa. Ulikuwa umekalia petroli, Njomba, na sigara mdomoni.

Chesisi tumekata mkia wote uliooza tukaunda mwingine. Bamba la reli nimelirudisha mahali pake, juu ya chuma kizima, halina kazi tena. Fundi ananiona kichaa.

Injini ndiyo iliyonipa adabu kidogo kuliko nilivyoogopa. Nilibadilisha ringi, gasketi ya silinda hedi, nikasafisha kabureta kwa mafuta ya taa. Siku ya kuwasha ilikohoa, ikarudisha moto, ikanyamaza. Jioni nzima. Kumbe nyaya za plagi nilizipanga moja, mbili, tatu, nne kama mtoto anayehesabu, wakati yenyewe inawaka moja, tatu, nne, mbili. Nilipozihamisha ikashika mara moja, kuku wa jirani wakatawanyika.

Nimelipeleka Mikindani na kurudi. Kwenye mchanga nilikandamiza kile kirungu cha njano, magurudumu yote manne yakavuta. Ule mkono mwekundu wa gia nzito sijauhitaji bado, nausubiri mlima wa kwenu. Na acha nikwambie: hili lilitoka baada ya 1971, gia zake zote nne za mbele zinaingia kwa kukanyaga klachi mara moja. Miaka yote ile ulikuwa unakanyaga mara mbili bure. Utingo wako anasema ulijua, ulikuwa unapenda tu.

Limebaki jambo moja. Kwenye boksi la vifaa chini ya kiti cha kushoto nilikuta kipande cha khanga kimefungwa mafundo matatu, ndani mna pete ya shaba, nene, ina kitundu kimoja ubavuni. Utingo haijui. Fundi haijui. Hakuna kopo inamoingia. Gari linawaka, linakata kona, linasimama bila hiyo, lakini wewe hukuwa mtu wa kufunga kitu mafundo matatu bila sababu.

Ni ya wapi, Njomba? Au inasubiri siku yake?